Shajara ya mradi: mizani, ngoma na vigae

Januari, wiki ya pili

Mwaka huu miradi yangu ya pembeni ni mitatu, na yote inaishi ndani ya kivinjari bila seva. Wa kwanza ni kihesabu mizani: unabandika ubeti, nacho kinakuonyesha kila mshororo una mizani (silabi) ngapi na vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, vimekaa wapi. Wa pili ni mashine ndogo ya ngoma. Wa tatu ni mchoraji wa vigae, yaani programu inayopanga vipande vya mraba hadi vikazaa picha. Kwa sasa haihusiani. Nimeiweka katika shajara moja kwa sababu naifanya saa zilezile za usiku.

Masharti ni machache. Kila chombo kiwe faili moja ya HTML. JavaScript tupu, lugha ya programu ya kivinjari, pasipo maktaba za nje. Hakuna kujisajili. Na maandishi ya mtumiaji yasitoke kwenye kifaa chake. Hili la mwisho ndilo zito kwangu. Mtu anayetunga beti za kumlilia mzazi wake hapaswi kujiuliza zinahifadhiwa wapi na nani anazisoma kabla hajazimaliza.

Januari, mwishoni

Nimeanza na mizani. Kiswahili kimenipunguzia kazi nusu: irabu ni tano, kila irabu ni kiini cha silabi yake, na hata zikifuatana kila moja inasimama kivyake. "Taa" ni mizani mbili. "Kuimba" ni tatu. Kwa hiyo toleo la awali linahesabu irabu tu, mistari michache ya msimbo, na tayari linapatia maneno mengi.

Inabaki M na N. "Mtu" lina irabu moja lakini mizani mbili. Vivyo hivyo "nchi", "nta" na "nne". M ikitangulia konsonanti kama K, L, P au T inajitegemea: mke, mlango, mpaka, mtoto. Ikitangulia W inaungana nayo, kwa hiyo "mwalimu" ni mwa-li-mu. Hadi hapo kanuni inaandikika bila shida.

Ugumu uko kwa B na V.

Februari

Karibu mwezi mzima nimeshinda na herufi mbili, na sijutii hata usiku mmoja.

"Mbuzi" ni mizani mbili, "mbunge" ni tatu. "Mbegu" mbili, "mvuvi" tatu, "mvulana" nne. Ukitazama herufi peke yake huoni sababu. Sababu imo kwenye ngeli. Katika "mbunge", M ni kiambishi cha ngeli ya A-WA na inatamkwa peke yake. Katika "mbuzi" imeshikana na B na zinatoka kwa pumzi moja. Mfano unaoniondolea usingizi ni "mbaya". Ukisema "mtu mbaya" unatamka m-ba-ya. Ukisema "nyumba mbaya" unatamka mba-ya. Herufi zilezile tano, mizani tofauti, na katika kipande cha mizani nane, yaani nusu ya mshororo, pengo la moja linatosha kukiangusha.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, programu ibashiri ngeli kutokana na neno lililotangulia. Ya pili, niipe orodha ya maneno. Ya tatu, nimwachie mtunzi. Ya kwanza nimeikataa: mashairi yanapindua mpangilio wa maneno kwa makusudi, sifa inatangulia nomino, nomino inaachwa ieleweke yenyewe, na ubashiri utapotea palepale ambapo mtunzi amefanya ufundi. Nimechanganya hizo mbili nyingine. Maneno ya kawaida yamo kwenye orodha. Yale yenye sura mbili, kama mbaya, mbovu na mbichi, yanapigiwa mstari wa vitone. Ukiligusa neno, M inajitenga au inarudi, na hesabu ya mshororo inabadilika hapo hapo. Chombo hiki hakina haki ya kubishana na mtunzi juu ya ulimi wake. Kimwonyeshe, kisha kimpishe.

Maneno ya mkopo nayo yana mashauri yake. "Maktaba", "labda", "daftari", "shukrani": wapo wanaokata mak-ta-ba na kukubali silabi funge, na wapo wanaoipa K mizani yake wakapata nne. Nimeweka swichi moja juu ya ukurasa. Ukishachagua, uamuzi wako unafuata shairi zima, maana kosa kubwa zaidi kuliko kuchagua upande wowote ni kuchanganya pande mbili katika utungo mmoja.

Na ritifaa, ile alama iliyomo katika "ng'ombe". Kwenye kibodi ya kompyuta inaandikwa kwa alama iliyonyooka, yenye namba U+0027 katika mfumo wa Unicode. Simu nyingi zinaigeuza kimyakimya kuwa ile iliyopinda, U+2019. Baadhi ya maandishi yaliyoandaliwa kwa uangalifu yana ya tatu, U+02BC. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa programu ni vitu vitatu, na ile iliyopinda huhesabiwa kuwa alama ya kufungia nukuu. Matokeo yake "ng'ombe" anakatwa vipande viwili, "ng" na "ombe". Kwa hiyo kabla ya jambo lolote maandishi yote yanapita kwenye mstari mmoja wa msimbo unaozigeuza alama hizo tatu kuwa moja. Ni mstari mfupi kuliko yote katika faili, na bila huo mengine yote hayana maana. Watunzi wanaitegemea sana alama hii, kwa sababu inkisari, yaani kufupisha neno, ndiyo njia yao ya kuokoa mizani: "nitakuja" ina nne, na "n'takuja" inabaki na nne kama N itapewa pumzi yake, au inashuka hadi tatu kama itamezwa. Hapo pia, gusa uchague.

Machi, mwanzoni

Vina vimekuja kwa wepesi. Ukishakuwa na kikata-silabi, kina ni silabi ya mwisho ya kipande tu. Tarbia ina mishororo minne, kila mmoja mizani kumi na sita, nane za ukwapi (kipande cha kwanza) na nane za utao (cha pili). Chombo kinagawa kwenye alama ya mkato, na kama alama haipo kinatafuta mwisho wa neno ulio karibu na mizani ya nane. Neno likivuka katikati kinakuonyesha, basi.

Kwa majaribio ninatumia ubeti wa utenzi niliojitungia, kwa sababu una M inayojitegemea na unabeba vina vitatu sawa na kimoja cha bahari, kile cha mshororo wa mwisho kinachorudi kila ubeti:

Nakaa leo mezani
Kalamu i mkononi
Maneno yamo moyoni
Nayapanga taratibu

Nane, nane, nane, nane. Vina ni, ni, ni, bu. Kila nikibadilisha msimbo, ubeti huu unapita kwanza. Nimeanza kuuimba bila kujua nikiwa naosha vyombo.

Machi, mwishoni

Nimehamia kwenye ngoma kidogo, nipumzishe macho.

Mashine ni safu ya visanduku nane. Ukikijaza kimoja, pigo linalia hapo. Sauti sitaki kupakua faili, natengeneza mwenyewe kwa Web Audio, zana ya sauti iliyomo ndani ya kivinjari. Pigo zito ni wimbi laini linaloanza kwenye hezi 150 na kushuka haraka hadi 50. Pigo jepesi ni mvumo mtupu uliochujwa ukabaki na sauti za juu pekee. Kuna jambo moja dogo linalohitaji kujulikana mapema: amri ya kushusha sauti kwa mkunjo wa kipeo haikubali sifuri, kwa kuwa mkunjo wa namna hiyo haufiki sifuri kamwe. Unaipeleka hadi 0.001, kisha unaizima.

Suala zito ni wakati. Saa ya kawaida ya JavaScript, setTimeout, inachelewa kidogo kila mara kivinjari kinapokuwa na kazi nyingine, na ukihamia kichupo kingine vivinjari huibana hadi kuamka mara moja kwa sekunde. Sikio la binadamu halisamehe. Dawa yake inajulikana kwa watengenezaji wa vyombo vya aina hii: tumia saa mbili. Ile legevu inaamka kila baada ya milisekunde 25, inachungulia mapigo yanayotakiwa ndani ya milisekunde 100 zijazo, na kuyakabidhi kwa saa ya sauti yenyewe, currentTime, ambayo haiyumbi. Nilipoisikia ngoma imetulia kwenye mapigo tisini kwa dakika, nimekaa nikaisikiliza muda mrefu bila kugusa chochote.

Kwa ruwaza za kuanzia nimetumia kazi ya Godfried Toussaint, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta. Mwaka 2005 alionyesha kwamba njia ya kale ya Euclid, mwanahisabati Mgiriki, ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika inazaa midundo mingi ya muziki wa jadi: unachukua mapigo k na kuyasambaza katika nafasi n kwa usawa kadiri inavyowezekana. Mbinu yenyewe ya kusambaza ilikuwa imeandikwa na mtaalamu aitwaye Bjorklund kwa ajili ya kupangilia mipigo ya muda katika mtambo wa nyutroni huko Marekani, mbali kabisa na muziki. Katika msimbo inaingia mstari mmoja:

(i * k) % n < k

Hapo i ni nambari ya nafasi kuanzia sifuri, na % ni baki la kugawanya. Weka k iwe 3 na n iwe 8, unapata pigo katika nafasi ya kwanza, ya nne na ya saba. Mwachano ni tatu, tatu, mbili. Kila aliyewahi kucheza muziki anaujua mdundo huo mwilini hata kama hajawahi kuuhesabu.

Aprili

Nafasi nane za ngoma. Mizani nane za kipande. Nimekuwa nikizitazama skrini mbili zikiwa kando kwa kando na hatimaye nimeziunganisha: acha ubeti upige ngoma.

Mkazo wa neno la Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Yapo maneno machache yanayokwenda kinyume, kama "barabara" ile yenye maana ya sawasawa, nayo yameingia kwenye orodha. Kwa hiyo programu inayojua kukata silabi inajua pia mkazo uko wapi. Silabi yenye mkazo inapigiwa pigo zito, nyingine jepesi. Maneno ya silabi moja, kama "ni", "na", "i", hayabebi mkazo. Nimeyaunganisha na neno linalofuata.

Nimeweka mshororo wa kwanza wa ubeti wangu wa majaribio. Nakaa leo mezani. Mazito yameangukia nafasi ya pili, ya nne na ya saba. Mwachano: mbili, tatu, tatu ukirudi mwanzo. Huo ni mdundo uleule wa Euclid, umezungushwa tu.

Nikapindua maneno. "Leo nakaa mezani": ya kwanza, ya nne, ya saba. Ule wenyewe, bila kuzungushwa. "Mezani nakaa leo": ya pili, ya tano, ya saba. Mzunguko wa tatu wa duara lilelile. Maneno matatu, mpangilio wowote, na yanatua kwenye mduara mmoja wa mapigo matatu ndani ya nafasi nane.

Nimekaa na karatasi hadi nikaelewa kwa nini. Kwa kuwa mkazo uko silabi moja kabla ya mwisho wa neno, umbali kutoka mkazo mmoja hadi unaofuata ni sawa kabisa na idadi ya silabi za neno linalofuata. Hesabu inafutana yenyewe. Maana yake ni kwamba mdundo wa kipande ni urefu wa maneno yake na si kitu kingine. Maneno ya silabi nne na nne, kama "nayapanga taratibu", yanatoa mapigo mawili yaliyoachana kwa usawa. Maneno ya mbili, tatu, tatu, kwa mpangilio wowote, yanatoa duara la Euclid. Na kipande cha mizani nane kinachoishia kwa neno la kawaida lazima kiwe na mkazo kwenye mizani ya saba, daima dumu, awe mtunzi yeyote. Ndiyo sababu utenzi mrefu unaweza kughanwa usiku kucha na msikilizaji asipotee: kila kipande kinarudi nyumbani kwenye ile ya saba.

Sijawahi kupata furaha ya namna hii kwenye programu. Nilikuwa nasoma mashairi tangu utotoni na hesabu hii ilikuwa imekaa humo wakati wote.

Nimemwonyesha rafiki yangu mtunzi. Alisikiliza beti zake tatu zikipigwa, akanyamaza, kisha akaniambia: "Ndugu yangu, huu wa tatu niliuhisi kuwa unachechemea na sikujua kwa nini." Tulipoutazama, mshororo ulikuwa na mizani kamili na vina safi, ila uliishia kwa "si", neno la silabi moja, na ile ya saba haikuwa na mzigo uliotarajiwa. Hakuubadilisha. Alisema shairi lilikuwa linahusu mtu aliyeondoka ghafla, na mguu unaokosa ngazi unafaa pale. Niliongeza kwenye chombo alama ya kumjulisha mtunzi jambo hilo bila kuliita kosa.

Mei, mwanzoni

Chombo cha kupunguza picha, ambacho nilikitengeneza kwa jioni moja kwa matumizi yangu, nimekiweka pamoja na vingine. Kinaichora picha upya kwenye kanvasi na kuihifadhi kwa ubora wa 0.8. Faida ya ziada: picha inayotoka haina tena data zilizofichwa ndani ya faili, pamoja na mahali ilipopigwa. Sina mpango wa kukiendeleza.

Mei, mwishoni

Vigae. Mwaka 1704 Sébastien Truchet, padri wa Kifaransa, alieleza jinsi kigae cha mraba kilichogawanywa kwa mshazari kinavyoweza kuzaa michoro isiyokwisha kwa kukigeuza tu. Mwaka 1987 Cyril Stanley Smith akaleta toleo ninalolipenda zaidi: kigae kina matao mawili ya robo duara, kila moja likiunganisha katikati ya pande mbili zinazokutana. Kinakaa kwa namna mbili tu. Kwa sababu mistari yote inatokea katikati ya pande, ukivipanga vyovyote vile mistari haikatiki.

Ubeti mmoja wa tarbia una mishororo minne ya mizani kumi na sita. Sitini na nne. Vipande vinane vya mizani nane, yaani mraba wa vigae nane kwa nane. Sikuhitaji kulazimisha chochote. Silabi yenye mkazo inaweka kigae namna ya kwanza, nyepesi namna ya pili, na ubeti unakuwa picha.

Nimechora beti nyingi sasa na najua kuzisoma. Mkazo ukifuatwa na silabi nyepesi, vigae viwili vinafunga tao. Silabi nyepesi ikifuatwa na mkazo, vinafunga kikombe. Nyepesi mbili zikifuatana, mstari unapinda kama wimbi bila kufunga. Kwa kuwa kila mkazo unafuatwa na silabi ya mwisho ya neno lake, idadi ya matao yanayotoka ndani ya safu ni idadi ya maneno yenye mkazo. Na upande wa kulia, kati ya mizani ya saba na ya nane, kuna nguzo ya matao manane, moja juu ya jingine, katika kila picha ya ubeti ambao vipande vyake vyote vinaishia kwa neno la kawaida. Ubeti wenye maneno marefu una mawimbi mapana na nafasi ya kupumua. Ubeti wa maneno mafupi umejaa matao na vikombe, unaonekana umeshonwa.

Mraba wa vigae sitini na vinne vyenye sura mbili una picha 18,446,744,073,709,551,616 zinazowezekana. Beti haziwezi kufikia zote, maana sarufi inazuia mkazo kukaa ovyo, na nadhani ndiyo sababu picha zinazotoka kwenye beti zina nidhamu ambayo zile za bahati nasibu hazina. Nilizichapisha mbili ukubwa sawa, moja ya ubeti na moja ya nasibu, nikazibandika ukutani. Ile ya nasibu nimeiondoa.

Zinahifadhiwa kwa SVG, aina ya faili inayochora picha kwa mistari badala ya nukta, kwa hiyo unaweza kuzichapa ukubwa wa stempu au wa ukuta na mistari ikabaki mikali.

Juni

Kazi ya kumalizia, ambayo haina mvuto lakini ndiyo inayoamua kama watu watatumia.

Kushirikisha shairi bila seva: maandishi yanabanwa na kuwekwa ndani ya kiungo chenyewe, baada ya alama ya #. Sehemu hiyo ya anwani kivinjari hakiipeleki kwenye seva, inabaki kwa mtumaji na mpokeaji. Ubeti wa tarbia unaingia bila taabu. Utenzi mrefu haufai kwa njia hii, basi huo unahifadhiwa kama faili.

Rangi: mwanzoni mkazo ulionyeshwa kwa rangi peke yake. Sasa una pia mstari mnene chini, kwa ajili ya wasiotofautisha rangi, na uwiano wa mwanga kati ya maandishi na usuli umevuka 4.5 kwa 1 unaotakiwa. Kwa anayetumia kisoma skrini, kila mshororo unatangaza idadi ya mizani na kina mara unapouacha, si kila unapogusa herufi. Mtunzi mmoja asiyeona amekuwa akikijaribu, na ndiye aliyeniomba ngoma iweze kusimamishwa kwa kitufe kimoja cha kibodi kutoka popote ukurasani, kwa kuwa ngoma na kisoma skrini vikisema pamoja hasikii chochote. Kitufe ni Escape. Kimeingia siku ileile.

Vile vyombo vitatu vya mwanzo vinafanya kazi bila mtandao ukishavifungua mara moja.

Yaliyo mezani kwa Julai: takhmisa, yenye mishororo mitano, itoe picha ya vigae nane kwa kumi; ukawafi, wenye vipande vitatu katika mshororo, ambao kikata-vipande changu bado hakiujui; na ngoma iweze kusoma mizani sita kwa nne, kwa wale wasiotunga kwa nane kwa nane. Ukawafi unaanza kwanza. Rafiki yangu mtunzi ameshanitumia beti nne za kujaribia.